Kiazi kizima hugeukaje rojorojo ndani ya gunia

Mnunuzi mzoefu wa viazi hategemei macho peke yake. Akiona doa la unyevu kitakoni mwa gunia, hupenyeza kidole na kubonyeza. Kiazi kizima hakibonyei. Kilichooza kinameza kidole: ngozi bado imekaza juu, haina tundu wala mkato wa kuonekana, ila nyama ya ndani imekuwa rojorojo jeupe linaloelekea njano. Ukikipasua unakuta mpaka umechorwa wazi, mara nyingi kwa mstari wa kahawia au mweusi. Upande mmoja wa mstari ni maji matupu, upande wa pili kiazi bado kigumu na kinapikika. Ukilimwagia maji, rojorojo lote linatoka na kuacha shimo safi. Mwanzoni hata halinuki sana. Ule uvundo unaofukuza watu sokoni huja baadaye, bakteria wa kila aina wanapokusanyika kula mabaki.

Wenye mzigo wana maelezo yao. Viazi vilivunwa na mvua. Mkulima hakupiga dawa. Kulikuwa na kimoja kibovu kikaambukiza vingine, si unajua samaki mmoja akioza. Kati ya hayo matatu, la kwanza ni kweli, la pili halina msingi, na la tatu ni nusu kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayopotosha watu, kwa sababu viazi vingi ndani ya gunia lile vilikuwa na bakteria anayeleta uozo huu tangu shambani, vikiwa vizima, vigumu, na vya kupendeza machoni.

Ni nani huyu

Anaitwa Pectobacterium carotovorum. Mwaka 1901 L. R. Jones, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kule Vermont, Marekani, alimchunguza kutoka kwenye karoti zilizooza na kumwita Bacillus carotovorus. Baadaye akahamishiwa kwenye jenasi ya Erwinia, iliyoundwa mwaka 1917 kwa heshima ya Erwin F. Smith, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya bakteria wa mimea. Jina la sasa lilirejeshwa rasmi mwaka 1998. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinamtaja Erwinia carotovora, ni yuleyule.

Ana ndugu wanaofanya kazi hiyohiyo. Pectobacterium atrosepticum hupenda nyanda za baridi, na mara nyingi huweusha shina la kiazi kuanzia chini. Kundi la Dickeya huvumilia joto zaidi. Wataalamu hubishana sana juu ya mipaka ya koo hizi, lakini kwa mtu aliyesimama mbele ya gunia linalovuja tofauti hizo hazimsaidii kitu.

Umbo lake ni kijiti kifupi, urefu wa mikroni 1 hadi 3. Ukipanga 500 kwa mstari unapata kama milimita moja. Mwili umezungukwa na nyuzi nyembamba za kuogelea, na kuogelea ndiyo safari yake yote: pasipo maji haendi popote kwa nguvu zake. Hatengenezi mbegu sugu za kuvumilia ukame, tofauti na bakteria wengine wa udongoni. Ukimkausha vizuri anakufa. Shikilia hilo, tutalihitaji.

Ukoo wake unashangaza kidogo. Yuko karibu na Escherichia coli wa matumboni, na pia na Salmonella. Mwaka 2004 watafiti wa Scotland na Uingereza walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya P. atrosepticum, herufi takriban milioni 5, na ndani yake wakakuta sehemu kubwa inayofanana na ya jamaa zake wa matumboni, pamoja na jeni nyingi za ziada za kuishi na mimea. Binadamu haumwi na bakteria huyu. Ndugu yake wa kundi la Dickeya hata ametusaidia: kimeng'enya chake cha asparaginasi hutumika hospitalini kutibu aina moja ya saratani ya damu, hasa kwa wagonjwa ambao miili yao imekikataa kile kinachotoka kwa E. coli. Mharibifu wa viazi akaingia wodi ya watoto kama dawa, na wengi wetu hatukuwahi kusikia.

Anachokula si kiazi chote

Kiazi kimejengwa kwa seli, kila moja imezungukwa na ukuta wake. Kati ya ukuta wa seli moja na wa jirani kuna tabaka jembamba la gundi iitwayo pektini, ileile inayofanya jemu igande. Fikiria nyumba ya matofali: bakteria huyu havunji tofali, anayeyusha udongo ulioshikilia tofali na tofali. Ndiyo maana kiazi kinalegea chote kwa haraka namna ile, wakati wanga wake, ambao ndio chakula chenyewe tunachokitafuta sisi, bado upo mwingi tu ndani ya rojorojo.

Pektini ni mnyororo mrefu wa asidi ya galakturoni, na minyororo hiyo hushikanishwa na madini ya kalsiamu. Bakteria hukata mnyororo kwa vimeng'enya vya aina kadhaa. Kuna poligalakturonasi, ambavyo hufanya kazi vizuri pale penye uasidi kidogo, na utomvu wa kiazi kizima una uasidi huo. Kuna pektati liyasi, ambavyo ndivyo silaha kubwa zaidi, na hivi hupenda mazingira yasiyo na asidi. Seli zikishapasuka na utomvu kumwagika, hali ya ndani hubadilika na kuvifaa hivi vya pili. Selulasi na protisi huja nyuma kumalizia kuta na protini.

Kazi yote hiyo hufanyika nje ya mwili wa bakteria. Vimeng'enya hutengenezwa ndani, kisha husukumwa nje kupitia mlango maalumu uliopita kwenye utando wake wa juu. Watafiti wamewahi kuharibu jeni za mlango huo: bakteria akaendelea kutengeneza vimeng'enya kama kawaida, vikamjaa mwilini, na kiazi hakikuoza. Sumu iliyokwama tumboni mwa mwenyewe haimdhuru mtu.

Vipande vya pektini vilivyokatwa humrudia bakteria kama chakula, na vikishaingia mwilini vinafungua breki iliyokuwa imezuia jeni za vimeng'enya. Kula kunaleta kukata zaidi. Gundi ikishaondoka, ukuta wa seli hauwezi tena kuhimili msukumo wa maji yaliyomo. Utando unapasuka, maji yanatoka. Hilo ndilo doa la unyevu kitakoni mwa gunia.

Maabara nyingi zimemtambua kwa njia inayopendeza kuitazama. Unatengeneza bamba la jeli ya pektati yenye rangi ya zambarau, inayozuia bakteria wengi wengine, kisha unapaka utomvu wa kiazi kinachoshukiwa. Baada ya siku moja au mbili kwenye joto la nyuzi 25 hivi, jeli inaanza kubonyea. Kila kundi la bakteria limekaa ndani ya kishimo chake lililokichimba lenyewe, kirefu, chenye kingo kali, kana kwamba mtu amepita na kijiko kidogo sana. Wasiokata pektini wanakaa juu ya jeli bila kuitoboa.

Kwa nini anasubiri

Kama silaha hizo zote zipo, kwa nini kiazi chenye bakteria kinakaa kizima wiki na miezi? Nadhani hapa ndipo penye utamu wa habari yote.

Mmea una masikio. Vipande vya pektini vinavyodondoka ukuta unapokatwa ni dalili kwamba kuna mvamizi, na mmea hukisoma kila kipande kama kengele ya hatari: huimarisha kuta, hutoa kemikali kali za oksijeni, hujitengenezea sumu za kujilinda. Bakteria wachache wakianza kukata ovyo, wanapiga kengele kabla hawajawa na nguvu, na wanauawa. Kwa hiyo hawakati. Wanakaa kimya, wanagawanyika, na wanahesabiana.

Kuhesabiana kwenyewe ni kwa kemikali. Kila bakteria hutoa muda wote kiasi kidogo cha molekuli ya familia ya homoserini laktoni, inayopita nje na kuingia tena kwa urahisi. Wakiwa wachache, molekuli inapotea hewani, kwa namna ya kusema. Wakiwa wengi mahali padogo, inajaa mpaka inazishika protini za ndani zilizokuwa zimeizuia mashine ya vimeng'enya, na mashine inawaka kwa wote karibu wakati mmoja. Tabia ya aina hii iligunduliwa kwanza mwaka 1970 kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga, Vibrio fischeri. Miaka ya mwanzo ya 1990 ikaonekana kwa bakteria wetu huyu, na ikawa mfano wa kwanza kufahamika vizuri wa ugonjwa wa mmea unaoendeshwa na hesabu ya watu, kama tunaweza kuwaita watu. Baadhi ya aina zake hutumia ishara hiyohiyo kuanza kutoa kabapenemu, antibaotiki ya kuwafukuza bakteria wengine. Ni sawa kabisa: siku ya kupasua ghala ndiyo siku ya kuwazuia majirani wasiingie kula bure.

Haihitaji muda mrefu kufika kwenye idadi hiyo. Bakteria mmoja akigawanyika mara 20 mfululizo, unapata zaidi ya milioni. Ndiyo maana kuoza kunaonekana kama jambo la usiku mmoja. Maandalizi yalikuwa marefu, hayakuonekana. Tunachokiona ni hatua ya mwisho peke yake.

Watu wamejaribu kuvuruga hesabu hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Singapore walichukua jeni ya bakteria wa udongoni jamii ya Bacillus, jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja ile molekuli ya ishara, wakaiweka ndani ya tumbaku na viazi. Mimea ikawa migumu kuoza kwa sababu bakteria hawakusikiana. Wengine wakaja na ujanja wa kinyume: mmea wenyewe utoe ishara, ili bakteria wadanganyike waanze vita wakiwa wachache na mmea uwaue. Kwa tumbaku ilifaa, mwaka 2001. Kwa viazi, katika jaribio lililochapishwa 2004, matokeo yaligeuka: viazi vilivyotoa ishara vilioza kirahisi zaidi. Kiazi kilichopo ghalani hakina nguvu za kujitetea kama jani la tumbaku, na ukimwambia adui kwamba amefika wengi, anakuamini.

Maji ndiyo yanayobadili mchezo

Kiazi pia ni kiumbe hai kinachopumua. Juu ya ngozi yake kuna vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Kwenye kiazi kilichokaa tope utaviona vimevimba kama chunusi nyeupe. Bakteria hukaa humo, na kwenye michubuko, na mahali kiazi kiliposhikana na kishina cha chini ya ardhi cha mmea mama.

Kiazi kikavu chenye hewa kinajilinda vizuri. Kikichubuka, hufunika jeraha kwa tabaka gumu ndani ya siku chache, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Sasa kiloweshe. Utando mwembamba wa maji juu ya ngozi unatosha kuzuia hewa isipite, huku kiazi kikiendelea kupumua na kutumia oksijeni iliyobaki ndani. Katika joto la kawaida, saa chache tu zinatosha kuimaliza. Jeraha halifungiki tena. Zile kemikali za oksijeni za kujilinda hazitengenezeki. Utando wa seli unaanza kuvuja sukari. Bakteria, kwa upande wake, ni wa wale wanaoishi penye oksijeni na pasipokuwapo vilevile. Hali iliyomnyang'anya kiazi kinga haimpunguzii yeye kitu. Na maji yamempa barabara ya kuogelea kutoka kitundu hadi kitundu.

Kwa hiyo mvua ya siku ya kuvuna si kisingizio cha mkulima. Ni chanzo halisi.

Na yule samaki mmoja? Kiazi kilichooza kinamwaga utomvu wenye mabilioni ya bakteria na vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa, lakini pia kinamwaga maji. Majirani zake wanaloweshwa, wanakosa hewa, na bakteria waliokuwa ndani yao siku zote wanapata nafasi. Gunia kavu lenye upepo linaweza kubeba kiazi kimoja kibovu, kikasinyaa na kukauka pembeni, vingine vikafika salama. Gunia lililofungwa ndani ya nailoni halina bahati hiyo.

Kutoka shambani hadi sokoni

Chanzo kikubwa ni mbegu. Kiazi mama kilichopandwa kikishaoza chini ya tuta, bakteria wake husafiri na maji ya udongoni hadi kwenye viazi vichanga na kuingia kwenye vitundu vyao. Wapo pia wanaoletwa na nzi, na maji ya kumwagilia, na jembe lililochubua. Ndani ya udongo mtupu, pasipo mabaki ya mmea, bakteria hawa hawadumu sana. Wanaovuka msimu ni wale waliojificha kwenye viazi vilivyosahaulika na kujiotea. Hata mbegu safi kabisa ya maabara hupata wageni baada ya kupandwa misimu michache.

Kisha inakuja safari. Kutoka Njombe, kwenye baridi ya mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, na gari linashuka hadi kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa pwani. Kiazi kilichopoa kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, unyevu wa hewani unageuka matone ya maji juu ya ngozi yake hata kama haikunyesha. Juu kuna turubai. Bakteria huyu hustawi zaidi kati ya nyuzi 25 na 30. Hali tuliyoieleza hapo juu imekamilika bila mtu kukusudia.

Lumbesa inaongeza yake. Gunia lililofumwa nundu juu haliwezi kubebwa na mtu mmoja, kwa hiyo linaburutwa na kuangushwa, na viazi vya chini vinapasuka ndani kwa ndani chini ya uzito. Mjadala wa lumbesa siku zote ni wa mizani na dhuluma kwa mkulima, na ni haki yake. Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi. Lakini hata kama kila mmoja angelipwa haki yake kwa kilo, lumbesa ingebaki kuwa namna mbaya ya kusafirisha kitu kinachopumua.

Sasa lile la dawa. Dawa za ukungu ni za ukungu. Baka jani, ule ugonjwa wa viazi unaopigiwa dawa hizo, linasababishwa na kiumbe mwingine kabisa. Dawa za shaba huua bakteria walioko juu ya jani, hazifiki ndani ya kitundu cha kiazi. Hakuna dawa ya dukani inayotibu kiazi kilichoanza kuoza namna hii, na anayekuuzia anakuuzia matumaini. Dawa ya ukungu ina faida moja ya kando: kiazi kilichotobolewa na baka ni mlango ulio wazi, kwa hiyo kuzuia baka ni kufunga mlango. Zaidi ya hapo hakuna.

Kinachofaa ni cha kawaida mno hata watu hukidharau. Kata majani wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, ngozi ikomae isichubuke. Vuna udongo ukiwa mkavu. Vitandaze kivulini, penye upepo, visiloweshwe, vipate siku za kufunga majeraha kabla havijaingia gunia. Chambua vilivyochubuka, uvile au uviuze kwanza. Usivioshe, isipokuwa utavipika leo. Udongo wenye kalsiamu ya kutosha husaidia pia, maana gundi iliyoshikwa vizuri na kalsiamu ni ngumu zaidi kukatwa.

Kuosha kunastahili neno zaidi, kwa sababu bakteria huyu halali kwenye viazi peke yake: karoti, kabichi, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, vyote ni vyake. Karoti zikisuguliwa kwenye maji yaleyale ya mto tangu asubuhi, za mchana zinaogeshwa kwenye mchuzi wa zile za asubuhi. Nyanya iliyotoka juani ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na kila kilichomo.

Kuna jambo moja linawahusu walaji. Nimesema bakteria huyu hamuumizi binadamu, na ni kweli. Ila mboga aliyoilainisha ni uwanja mzuri wa wengine. Watafiti wa Marekani waliochunguza mboga na matunda ya sokoni, matokeo yakachapishwa mwaka 1997, walikuta zilizooza namna hii zinabeba Salmonella mara nyingi zaidi kuliko nzima za aina hiyohiyo. Nyanya masalo zinazokatwa sehemu mbovu na kuingizwa kwenye kachumbari mbichi ni suala tofauti na masalo yaleyale yakichemshwa kwenye mchuzi dakika ishirini.